Samaki Akiugua, Tibu Maji Kwanza

Mwezi huu huenda mkashangaa kidogo, maana mgonjwa wetu si mtoto mwenye homa wala mama mjamzito aliyevimba miguu. Mgonjwa wetu ni samaki. Tena si samaki wa kukaangwa, bali wale wa rangi wanaofugwa katika tangi la vioo lenye maji ya chumvi, kwa ajili ya kutazamwa tu.

Tunajua kwamba wengi wenu hamna tangi kama hilo. Lakini hapa Pwani yapo majumbani, katika hoteli na hata katika vyumba vya kungojea daktari. Wavuvi wetu wa Kenya wamekuwa wakipiga mbizi kwa miaka mingi kuwakamata samaki wa mapambo, na wengi wa samaki hao husafirishwa hadi Ulaya, Marekani na Asia. Nasi tumeona kwamba, popote tangi lilipo, mwisho wake huwa mikononi mwa mama. Baba hulinunua, watoto hulishangilia wiki mbili, kisha anayebaki na ndoo na kitambaa ni mama. Kwa hiyo tusomeni pamoja.

NYUMBA MOJA MOMBASA

Mwaka jana, sisi wa kamati ya kutembelea wagonjwa tulikwenda kumjulia hali dada yetu mmoja. Mume wake alikuwa amepatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia havikuwa na nguvu, na maneno hayakutoka. Kitanda chake kilikuwa kimewekwa sebuleni penye upepo, na mbele yake lilisimama tangi la lita 300 alilolitunza kwa mikono yake mwenyewe kwa miaka sita.

Miezi minne ilikuwa imepita tangu augue. Vioo vilikuwa vimefunikwa na utando wa kijani, chumvi nyeupe ilikuwa imeganda ukingoni mwa tangi, na maji yalikuwa yamepungua kiasi cha upana wa kiganja. Walikuwa wamebaki samaki watano: kangaja mmoja mkubwa, kipepeo mmoja wa rangi ya manjano, wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wale wanaoishi katikati ya mikono ya anemoni huko baharini, na mmoja mdogo wa buluu.

Tulipomwuliza mwenyeji wetu habari za tangi, alishusha pumzi. "Sista," alisema, "mimi sina macho ya kuangalia samaki. Nina mgonjwa wa kugeuza kila baada ya saa mbili."

Hatukuweza kumlaumu. Shemeji yake aliyekuwapo siku hiyo akasema kwa nia njema kabisa: "Shemeji, mwageni hayo maji, muuze vioo, mpate pesa za dawa." Hapo mgonjwa, ambaye tulidhani amelala, alianza kupiga kitanda kwa mkono wake wa kushoto, na machozi yakamtoka. Sebule nzima ikanyamaza. Tulitambua kwamba lile tangi lilikuwa ndiyo kazi pekee ya mikono yake aliyoweza bado kuiona, na kwamba kila siku, kutoka kitandani, alikuwa akiitazama ikifa.

Tukaahidi kusaidia.

KOSA LETU SISI WENYEWE

Jumamosi iliyofuata tulifika na madumu ya maji safi ya bahari, ndoo, sponji na bidii nyingi. Tulisugua vioo, tukaosha chujio lote kwa maji ya bomba mpaka likang'aa, tukatoa nusu ya maji ya zamani na kutia mapya. Jioni tangi lilimetameta. Tulirudi nyumbani tukijipongeza.

Jumapili asubuhi kabla ya ibada simu ikalia. Kipepeo alikuwa amekufa, kangaja amelala ubavu, na wengine watatu walikuwa juu kabisa ya maji wakihema.

Sisi tuliofundishwa wodini kwamba mtoto aliyedhoofika kwa njaa hashindiliwi chakula siku ya kwanza, tulikuwa tumefanya lile lile kwa samaki. Tulikwenda kumtafuta mzee mmoja ambaye amekamata na kufuga samaki wa mapambo karibu maisha yake yote. Kwa bahati, ndoo moja ya maji ya zamani ilikuwa bado uani haijamwagwa. Mzee aliyapima, kisha akapima yaliyokuwa ndani ya tangi, akatikisa kichwa. "Maji mabaya wakishayazoea," alisema, "maji mazuri ya ghafla ni sumu."

Haya ndiyo aliyotufundisha.

KWA NINI MAJI HUUGUA

Samaki huishi ndani ya choo chake mwenyewe. Huko baharini kinyesi hupotea katika maji mengi, lakini ndani ya tangi hubaki. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo huunguza mashavu ya samaki, yaani pale anapopumulia. Bakteria wazuri wanaoishi katika chujio, mawe na mchanga huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali mkubwa. Nitrati huondolewa kwa kubadilisha maji. Maji yasipobadilishwa kwa miezi, nitrati hulimbikizana na maji huelekea kwenye uchachu, yaani kile kipimo kiitwacho pH hushuka.

Sasa angalieni jinsi bidii yetu ilivyoua. Katika maji yaliyochacha, sehemu kubwa ya amonia hukaa katika hali isiyo na madhara makubwa. Maji mapya ya bahari yana pH ya juu zaidi. Tulipoyamimina kwa wingi, pH ilipanda ghafla na ile amonia iliyobaki ikageuka kuwa kali. Juu ya hayo, kwa kuosha chujio kwa maji ya bomba yenye klorini, tulikuwa tumewaua wale bakteria ambao wangeiondoa. Tuliwaharibia samaki hewa, kisha tukamfukuza na mwenye kuisafisha.

Chumvi nayo ina hila yake. Maji yanapokauka kwa joto, ni maji tu yanayoondoka, chumvi hubaki. Ndiyo maana tangi linalopungua maji huzidi kuwa kali siku kwa siku. Kijana wa nyumba hiyo, mwenye miaka 9, alikuwa akijazia kwa maji ya bahari, akidhani ndivyo inavyotakiwa. Anayejazia yaliyokauka hutia maji baridi yasiyo na chumvi.

Na kijana huyo huyo, kwa kuwapenda samaki wa baba yake, alikuwa akiwapa chakula mara tano kwa siku ili wapate nguvu. Alipotusikia tukieleza habari za mabaki ya chakula, aliinamisha kichwa na kuuliza, "Anti, ni mimi niliyewaua?" Tulimwambia ukweli wote: chakula kilizidi, lakini bila yeye huenda kusingebaki samaki hata mmoja wa kutibu, na yule kipepeo tulimwua sisi watu wazima. Tangu siku hiyo ndiye aliyekuwa mwandishi wa daftari letu.

VIPIMO VYA KUJUA

Muuguzi hampi mgonjwa dawa kabla ya kumpima. Kwa tangi la maji ya chumvi, vipimo vinavyotakiwa ni hivi:

Joto: nyuzi 24 hadi 27. Katika miezi ya joto hapa Mombasa tangi hupita 30, na maji ya moto hubeba hewa kidogo. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha joto.

Chumvi: kipima-chumvi kisomeke kati ya 1.023 na 1.026. Letu katika maji ya zamani lilisoma 1.031.

pH: 8.1 hadi 8.4. Maji ya zamani yalikuwa 7.5.

Amonia na nitriti: sifuri. Si kidogo, bali sifuri.

Nitrati: chini ya 40, na ikiwa chini ya 20 ni bora zaidi. Letu lilipita 100.

Vifaa vya kupimia huuzwa katika maduka ya samaki wa mapambo. Kama mfuko hauruhusu vyote, nunueni kwanza cha amonia, cha pH na kipima-chumvi.

KUSAHIHISHA POLEPOLE

Tulisimamisha chakula kwa siku mbili. Samaki mzima havunjiki kwa siku mbili za kufunga. Tuliongeza pampu ya hewa, tukafyonza uchafu wa chini kwa mpira mwembamba, na kila siku tukabadilisha ndoo moja tu ya lita 20, yaani chini ya sehemu moja ya kumi. Maji yaliyotiwa yalikuwa na joto linalolingana na la tangi. Chumvi tuliishusha kidogo kidogo, kipimo kimoja au viwili vya mwisho kwa siku, mathalani kutoka 1.028 hadi 1.027.

Maji ya bahari yachotwe wakati maji yamejaa, pwani iliyo wazi, mbali na bandari, midomo ya mito na mifereji ya mji, wala si baada ya mvua kubwa. Maji ya bomba ya kujazia yatiwe kwanza dawa ya kuondoa klorini. Sponji ya chujio ioshwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa kwenye tangi, nusu leo na nusu wiki ijayo, ili bakteria wasife wote.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria walio ndani ya chujio lililofungwa hufa kwa kukosa hewa na maji yake huoza. Kabla ya kuliwasha tena, mwageni maji yaliyomo ndani ya chujio na mlisuuze kwa maji ya tangi, yasije yakarudi kwa samaki.

Siku ya kumi amonia ilisoma sifuri.

KUMTAZAMA MGONJWA

Samaki hasemi panapomuuma, na kwa hilo anafanana sana na mtoto mchanga, na katika nyumba ile alifanana na baba mwenyewe. Aliyezoea kuuguza hutazama.

Tazameni kwanza upumuaji. Hesabuni mashavu yanafunguka mara ngapi kwa dakika moja, kila siku saa ile ile, samaki akiwa ametulia. Mkilinganisha na hesabu ya jana mtajua kama anapata nafuu. Kazi hii tulimpa mgonjwa wetu. Kijana alishika saa, baba akigonga blanketi kwa kidole cha mkono wa kushoto kila shavu lilipofunguka. Mwanzoni alichoka kabla ya nusu dakika. Baada ya wiki mbili alimaliza dakika nzima na kumwashiria mwanawe arudie, maana yeye alikuwa amekosea hesabu.

Tazameni pia mapezi kama yamekunjwa, rangi kama imefifia, tumbo kama limebonyea, macho kama yana ukungu au yametokeza, na kama samaki anajikwaruza kwenye mawe. Samaki wote wakihema kwa pamoja, shaka ya kwanza ni maji. Mmoja akidhoofika peke yake, shaka ni ugonjwa, njaa au kuonewa na wenzake.

Magonjwa yanayojitokeza mara nyingi ni haya:

Madoa meupe. Huonekana kama punje za chumvi mwilini na kwenye mapezi. Ni vimelea. Hukaa kwa samaki siku chache, kisha huanguka chini, hujifungia ndani ya gamba na kuzaana, ndipo watoto wao hutoka kutafuta samaki. Kwa hiyo madoa yakipotea baada ya siku tano msishangilie. Watarudi wengi zaidi.

Vumbi la dhahabu. Ni laini kuliko madoa, kama unga uliopepetwa, na samaki huhema sana. Huua kwa siku chache, mara nyingine kabla vumbi halijaonekana.

Ute mzito. Huwapata hasa wale wa rangi ya chungwa. Ngozi huonekana kama inachunika. Huu nao una haraka ya kuua, na dawa yake hutengenezwa kwa formalini.

Mapezi kuoza na vidonda vyekundu. Ni bakteria wabaya, ambao mara nyingi hufuata maji machafu au majeraha.

Mashimo kichwani na ubavuni. Huwapata sana akina kangaja waliokaa muda mrefu kwenye maji mabaya na lishe duni. Kangaja ni mla majani. Huyu wetu alikuwa ameishi miezi minne kwa chakula kikavu cha kopo. Tulimfungia mwani uliosuuzwa kwenye jiwe, na alikula kama mtu aliyeachiliwa kutoka kifungoni.

DAWA, NA SI KABATI LA DAWA ZA NYUMBANI

Mwenyeji wetu alitukiri kwamba kabla hatujaja alikuwa amefungua vidonge vya tetrasaiklini vilivyobaki ndani ya nyumba na kumwaga unga wake ndani ya tangi. Tunawasihi akina mama, msifanye hivyo. Mnakumbuka tunavyowaambia wagonjwa wasimeze dawa hiyo pamoja na maziwa, kwa sababu kalisi ya maziwa huifunga? Maji ya bahari yamejaa kalisi na magnesi. Dawa hufungwa humo, haimsaidii samaki, na inaweza kuwadhuru wale bakteria wazuri tunaowahitaji.

Siku ya kumi na mbili, maji yakiwa tayari ni mazuri, madoa meupe yalitokea kwa kangaja. Samaki aliyechoka hushikwa kwa urahisi. Safari hii tulikuwa tumejifunza. Tulitengeneza wodi: chombo cha plastiki cha lita 80 kisichowahi kuguswa na sabuni, bila mchanga wala mawe, chenye pampu ya hewa, chujio dogo la sponji na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Samaki wote wanne waliingizwa humo, kwa kuwa kumtibu mmoja na kuwaacha wengine ni kazi bure.

Njia za kutibu madoa meupe ni mbili. Ya kwanza ni dawa ya shaba. Hii hutumika katika wodi tu, kamwe si katika tangi kubwa, maana huua kamba, konokono, kaa na matumbawe, tena mawe na mchanga huinyonya. Kiasi chake kipimwe kila siku kwa kipimo cha shaba: kikipungua hakitibu, kikizidi kinamwua samaki. Kwa shaba ya kawaida ni miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita moja. Dawa nyingine za shaba zina viwango tofauti, kwa hiyo maelezo ya kwenye chupa yafuatwe. Matibabu huchukua wiki tatu hadi nne.

Njia ya pili ni kupunguza chumvi, na ndiyo tuliyoitumia kwa sababu haina gharama. Kwa siku mbili tulishusha chumvi ya wodi hadi 1.009. Samaki wengi wenye mifupa huvumilia kiwango hicho, vimelea vya madoa meupe havivumilii. Hukaa hivyo wiki nne tangu doa la mwisho lipotee, kisha chumvi hupandishwa taratibu kwa muda wa wiki moja. Njia hii haitibu lile vumbi la dhahabu, na kipima-chumvi lazima kiwe sahihi. Amonia nayo ipimwe kila siku, kwa kuwa wodi ni ndogo na bakteria wake ni wachache. Sisi tulibadilisha robo ya maji kila siku ya pili, kwa maji yenye chumvi na joto lile lile.

Wakati huo tangi kubwa libaki bila samaki, ili vimelea vikitoka katika magamba yao visipate pa kujishika. Muda usipungue wiki 6. Wafugaji waangalifu husubiri siku 76, nasi tulisubiri hivyo. Tulitia chembe za chakula mara kwa mara ili bakteria wasife njaa.

SIKU 76

Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kazi. Wiki ya kwanza ya wodi, mmoja wa wale wa rangi ya chungwa alikufa. Dada yetu hakutaka mumewe ajue. Alikuwa amemficha hata habari za kipepeo, na sasa alitaka tumsaidie kununua wawili wanaofanana nao, warudishwe kwenye tangi kana kwamba hakuna lililotokea. "Sista, ameshapoteza mengi," alisema. "Mwacheni na hili."

Tulimwelewa, lakini hatukukubali. Wodini tumeona mara nyingi: mgonjwa aliyefichwa jambo hulijua, kisha hubeba mzigo wa pili, ule wa kujifanya hajui. Tulimwomba amwambie yeye mwenyewe kwa wakati wake.

Siku ya 76 tulikusanyika. Shemeji naye alikuja, akabeba ndoo. Kijana alimwachia kangaja kwanza, kisha yule wa rangi ya chungwa, kisha mdogo wa buluu. Mwenyeji wetu alikaa kando ya kitanda na kuanza kusema, "Baba, kuna jambo sikukuambia..." Kabla hajamaliza, mumewe aliinua mkono wa kushoto, akanyoosha vidole vitatu, akavitazama, kisha akavikunja na kuweka mkono ule juu ya mkono wa mkewe. Alikuwa amekwisha hesabu tangu zamani. Mtu aliyelala akitazama tangi kutwa nzima, nani angemficha?

Dada yetu alilia, na tulimwacha alie. Kwa miezi mingi hakuwa amepata nafasi hiyo.

TAHADHARI KWA MAMA

Kabla hatujaagana, haya ni ya afya yenu ninyi.

Chomoeni vifaa vya umeme kabla ya kutia mkono ndani ya maji. Maji ya chumvi na umeme havina mzaha.

Mwenye kidonda mkononi avae glavu, na kila mtu anawe kwa sabuni baadaye. Kuna bakteria wa samaki, wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu, wanaoingia kwenye mchubuko na kuleta uvimbe au kidonda kisichopona kwa wiki nyingi. Likitokea hilo, mwambieni daktari kwamba mnafuga samaki, maana asipoambiwa anaweza kukosa kulifikiria.

Formalini na dawa ya shaba zisiwekwe kamwe katika chupa ya soda wala kabati la jikoni. Formalini isiyeyushwe ndani ya chumba kisichopitisha hewa.

Wala msiwamwage samaki baharini kwa kuwaonea huruma. Wanaweza kupeleka ugonjwa, na wengine walionunuliwa dukani asili yao si bahari hii. Huko Florida, samaki mmoja mwenye miiba ya sumu ambaye kwao ni Bahari ya Hindi na Pasifiki alionekana mara ya kwanza mwaka 1985. Wataalamu wanaamini alitoka katika matangi ya watu, na leo ameenea katika Karibiani yote akiwala samaki wa huko.

Baada ya hapo, tangi hudai kazi ndogo tu: kulisha kidogo mara mbili kwa siku, kiasi kinachokwisha kwa dakika mbili, kujazia maji baridi yaliyokauka kila siku, kubadilisha sehemu moja ya kumi ya maji kila wiki, kuhesabu pumzi. Yote haya hayazidi saa mbili kwa wiki. Katika nyumba ile shemeji hubeba ndoo kila Jumamosi, kijana huandika daftari, na baba huhesabu. Mama hafanyi lolote. Saa hizo mbili tulimwagiza alale.

Hadi mwezi ujao, akina mama wapendwa, kaeni salama.